Siku Niliyomnyima Mama Furaha

Ninaikumbuka Jumanne moja, mwanangu, na ni vyema uisikie kabla hujapanda minibasi kesho kwenda na wagonjwa wetu hospitali ya Lilongwe. Wamekuomba uwatafsirie kwa sababu Kichewa chako ni kizuri. Changu pia kilikuwa kizuri. Nilikiokota sokoni Dowa nikiuza vitenge, nikiwa na umri kama wako, na kanisani hapa kambini Dzaleka walinisifu kwamba nina mdomo mtamu. Sifa hiyo niliipenda kupita kiasi.

Mgonjwa alikuwa jirani yetu Mama Furaha, mshonaji kutoka Uvira. Tumbo na miguu vilikuwa vimemvimba. Furaha, mtoto wake wa pekee, alikuwa anaishi Biwi, palepale Lilongwe, na mwanamume ambaye hakuwahi kuja kujionyesha kwa wajomba. Siku alipoondoka, mama yake alimwambia mbele ya ukoo: hata nikifa, usifike. Kwetu neno la namna hiyo huondolewa na aliyelisema, kwa mdomo wake, mkono ukiwa juu ya kichwa cha mtoto. Akifa nalo, mtoto hubaki nalo, yeye na watoto wake. Kila tulipomwita yule mama tulimtaja binti aliyemkataza, naye aliitika hivyo miaka minne.

Hospitalini aliniambia kwamba moyo umelainika. Angeliondoa neno lile, lakini nyumbani, mbele ya watu walewale waliolisikia. Hakutaka binti amkute amelala kitandani. "Nikitoka hapa," alisema, "njo nitamuita."

Jumanne asubuhi muuguzi aliketi kando ya kitanda. Alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Alieleza kwa Kichewa kwamba ini limeshindwa, kwamba dawa iliyobaki ni ya kupunguza maumivu tu, na kama kuna ndugu wa kuitwa, aitwe leo. Alisema kwa muda mrefu. Kisha akanitazama, nami nikamgeukia Mama Furaha nikasema, "Anasema upumzike vizuri, dawa itafanya kazi."

Niliona ni huruma. Muuguzi alisubiri niendelee, akaona nimemaliza, akaondoka akiwa bado ananitazama. Mchana huo Mama Furaha alikula nsima, ule ugali wa huku, kwa mara ya kwanza katika wiki nzima, akaniagiza niwaambie nyumbani wamfulie kitenge chake cha bluu cha kuvaa siku ya kumpokea Furaha. Nilicheka naye.

Jumatano macho yake yalikuwa ya manjano kabisa na sauti imepungua. Akaniita karibu.

"We mutoto. Ule mama jana alisema maneno mingi. Mbona we ulinipatia moya tu?"

Nikaanza kusema kwamba Kichewa kina maneno marefu. Akatabasamu kidogo.

"Mi nashona tangu we haujazaliwa. Kitambaa yenye imekatwa naijua."

Nikamwambia yote. Hakulia. Akasema, "Jana nilikuwa na sauti. Umenikulia siku yangu." Sijawahi kukemewa hivyo, kabla wala baada. Halafu akanituma: "Enda umulete. Na kama hatanikuta, umwambie nimeondoa ile neno. Usiongeze, usipunguze."

Nilipanda kabaza, na baiskeli ile iliniona mzito, au mimi niliiona inatambaa. Biwi nilimkuta Furaha akipanga nyanya mbele ya nyumba. Nilipomweleza, hakuinua kichwa. "Alisema nisifike. Na mi niko mutoto wa kutii." Akaendelea na nyanya zake, moja juu ya nyingine, nami nimesimama. Kisha akauliza kwa nini hatukumwita jana, kwa kuwa muuguzi alikwisha sema. Ilibidi nimwambie nilichofanya. Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Akaziacha nyanya, akavaa viatu.

Tulimkuta hai, lakini ulimi ulikuwa umekuwa mzito. Mkono uliinuka juu ya blanketi ukaanguka. Furaha alipiga magoti, akauchukua mwenyewe akauweka kichwani pake. Midomo ya mama ikatikisika.

"Anasema nini?" Furaha aliniuliza.

Mwanangu, sentensi nzuri ilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikaimeza. "Sisikii," nikasema. "Lakini asubuhi alinituma nikuambie ameondoa ile neno."

Furaha hakunyanyuka. "Na hii nayo nitajuaje kama haukuitengeneza?"

Mama yake alifariki alasiri hiyo, mkono ukiwa palepale.

Furaha ni mwanamke mzima sasa. Kila mtoto wake anapougua, huja kwangu kutoka Biwi na kuuliza kama mama yake kweli alisema vile. Nami humjibu kwa maneno yaleyale, sijawahi kuongeza wala kupunguza. Hunishukuru, na bado hurudi.

Kwa hiyo sikiliza. Kesho muuguzi akisema kwa urefu, nawe sema kwa urefu. Muulize mgonjwa kwanza kama anataka kusikia, kwa sababu wengine hawataki, na hiyo ni haki yao, si yako. Ukiishiwa nguvu, mwombe muuguzi asubiri, ushike mkono wa mgonjwa, kisha umalize. Ukishasema, usikimbilie mlangoni, kaa. Huruma yako yote iweke katika kule kukaa, maneno uyaache kama yalivyo. Siku zinazobaki ni za mgonjwa, zipangwe na yeye.

Mungu akutangulie njiani na akupe mdomo ambao watu wataweza kuuamini. Na saa yako ikifika, mwanangu, akuletee mtu wa kukuambia ukweli ungali na sauti.