Wanataka nitaje mwanaume ili ngozi ya mwanangu ipone

Salamu kwenu nyote. Admini, naomba jina langu lisionekane, maana mji wetu wa Baraka ni mdogo na wifi zangu pia wanasoma hapa.

Nina miaka ishirini na tatu, nimeolewa, na nina mtoto mmoja wa kike wa mwaka na miezi miwili, bado ananyonya. Niliishia mwaka wa nne wa sekondari, basi mkikuta makosa mnisamehe. Mume wangu anachimba dhahabu Misisi, anarudi baada ya miezi miwili au mitatu. Mimi naishi hapa na mama yake, uwanja mmoja, jiko moja.

Mwanangu alipofika miezi mitano alitoka wekundu kwenye mashavu. Ukashuka kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Ngozi inakauka, inapasuka, inatoa maji. Anajikuna mpaka damu, nikaanza kumvalisha soksi mikononi. Siku moja kanisani mama mmoja aliniambia, "Mama, we usogee kidogo na wako, wangu iko mudogo." Nilisogea. Nilisogea mpaka nikatoka nje.

Mara ya kwanza tulienda kituo cha afya pamoja na mamukwe. Mwuguzi akauliza, "Mu famiye kuko muntu mwenye asma? Ao mwenye alijikunaka tangu utoto?" Kabla sijafungua kinywa mamukwe akajibu, "Kwetu haiko. Sisi tuko bantu bazima." Sasa, mume wangu mwenyewe alishanieleza kwamba utotoni alikuwa anabanwa pumzi mpaka analala amekaa. Lakini mukamwana, mke wa mtoto wao, hamsahihishi mamukwe mbele ya mgeni. Niliangalia miguu yangu. Yule mwuguzi akaandika upele, ule wa kuambukiza, akatupa dawa ya maji ya kupaka mwili mzima. Ilichoma vile vidonda, mtoto akalia mpaka sauti ikapotea. Kunyamaza kwangu ndiko kulikomchoma. Bado namwomba msamaha nikimnyonyesha.

Mara ya pili nilisema naenda soko, kumbe naenda hospitali peke yangu. Nilikuta daktari mwanamke, nikamwambia yote, na asma ya baba yake pia. Alimvua nguo pole pole, akaangalia mikunjo, akaangalia katikati ya vidole, akauliza kama sisi wa nyumbani tunajikuna. Nikasema hapana. Akasema, "Hii si upele, mama. Ni egzema. Haiambukize muntu." Alieleza kwamba ni ngozi iliyozaliwa kavu na yenye hasira, kwamba inatembea katika ukoo mmoja na asma, na kwamba jasho, moshi na sabuni kali vinaiamsha. Mimi nilikuwa namsugua kila siku na ile sabuni yetu ya mawese, nikidhani natoa uchafu. Akanipa pomadi ya kupaka kidogo palipowaka, akaniambia nimpake mafuta ngozi ikiwa bado na maji. Kisha akasema, "Itatulia, itarudi, na utaituliza tena. Batoto wengi inabaachaka bakikomaa."

Wiki mbili ngozi ikawa laini. Nilimbusu magoti yake nyuma, mahali ambapo sikuwa nagusa. Halafu vumbi la kiangazi likaja, ikarudi.

Mamukwe alikuwa ameshaiona ile pomadi na kujua nilikotoka. Akasema, "Si nilisema? Dawa yenye kuponyesha hairudishe magonjwa. Na huyo docta wako, alitosha damu ya kupima?"

"Hapana mama. Aliangalia na kuuliza."

"Aliangalia. Hata mi niko na macho, nikuwe docta?"

Mawifi wakacheka. Nilikuwa nimechoka, nikajibu, "Mama, aliuliza juu ya asma. Na baba ya mutoto alikuwaka nayo."

Mamukwe akaniuliza taratibu, "Ulienda kutangaza nyumba yangu kwa bantu?"

Tangu siku ile maneno yamebadilika. Anasema mtoto anayenyonya akipasuka ngozi hivi, mama yake alitoka nje ya ndoa. Nitaje jina la mwanaume mbele ya mashangazi wa mume wangu, wamuoshe mtoto kwa maji, yaishe. Nikikataa, wanampeleka Kilembwe kwa dada ya mamukwe akachanjwe chale, juu ya vile vidonda vyenyewe. Sijawahi kutoka nje. Mungu anajua, na mume wangu anajua.

Nilimpigia simu. Akaniambia, "Sema tu, bibi. Ni maneno. Mama atatulia."

"Niseme jina ya nani?"

"Yeyote. Mi najua haukufanya."

"Basi na we umuambie mama mbele ya bote kama ulikuwaka na asma."

Akasema, "Rezo iko mubaya." Simu ikakatika. Nilimpigia tena mara tano.

Mashangazi wanakuja Jumapili baada ya misa. Mama yangu alishafariki, sina pa kukimbilia na mtoto. Nikinyamaza kama nilivyonyamaza kwa yule mwuguzi, atachanjwa. Nikidanganya, atabaki mikononi mwangu, lakini atakulia nyumba ambayo mama yake anajulikana kuwa malaya. Na daktari alisema ngozi itarudi. Ikirudi, watanidai mwanaume wa pili.

Wamama mliolea mtoto mwenye ngozi ya namna hii, na ninyi mnaoishi na mamukwe: nishaurini kabla ya Jumapili. Nifanye nini ili asichanjwe, na mimi nisitaje mtu?