Asubuhi Mama Alipopanda Ndege ya Noor

Asubuhi moja naikumbuka, mwanangu, na kwa kuwa wiki ijayo unakaa kiti cha rubani msaidizi kwa mara ya kwanza, ni haki yako uisikie kutoka kwangu kabla wengine hawajaitia chumvi.

Noor nilikua naye Garissa, mtaa mmoja, tukasomea urubani pamoja. Nilimwonea gere tangu hapo. Alifanywa kapteni kabla yangu, na abiria wa Mandera walimtafuta kwa jina. Yote hayo niliyavumilia. Kilichonichoma ni mama. Alikuwa Mandera kumwona dada yake, nikampigia simu kumwambia naja kumchukua. Akaniita hooyo, yaani mama kwa Kisomali, kama mama zetu wanavyotuita wanapotubembeleza.

"Wewe usijali, hooyo. Mimi narudi na Noor asubuhi. Huyo akitua hata sisikii."

Mama yangu mzazi! Nililala na donge, nikaamka nalo, nikaingia nalo kwenye ndege.

Msaidizi wangu siku hiyo alikuwa Halima, binti kutoka mji wa Bute, aliyefunzwa na Noor, na hakumaliza sentensi bila kumtaja. Tulipaa Garissa kuelekea Mandera. Mtambo wa kujiendesha tulikuwa tumeuwekea futi elfu kumi na tisa, na ukishauwekea unapanda wenyewe, kazi yako ni kuusimamia. Modogashe ikiwa mbali kushoto kwetu, mwongozaji wa ndege wa ardhini akatuambia redioni tusimame elfu kumi na saba, kwa sababu Noor alikuwa anakuja mbele yetu kwa elfu kumi na nane. Nikajibu "elfu kumi na saba" kwa mdomo. Mkono haukugeuza namba, maana papo hapo Noor alizungumza redioni kwa ile sauti yake ya upole, nami nikawa namwona mama amekaa nyuma yake, anasinzia kwa raha zake.

Sasa, marubani tuna desturi. Ukipewa kimo kipya unakiweka kwenye mtambo, kisha nyote wawili mnaielekezea namba kidole na kuisoma kwa sauti. Halima akaanza kunyoosha kidole.

"Kapteni, tusome. Kapteni Noor hutuambia kila mara..."

"Hii si ndege ya Noor," nikamkata. "Teremsha mkono."

Akauteremsha, akageuka dirishani, machozi yanamlengalenga. Kwa hiyo namba haikusomwa na yeyote.

Ndege ikapita elfu kumi na saba bila kusita. Halima ndiye aliyeona. "Kapteni, tunapita! Tunapita!" Kwenye kioo cha kuonyesha ndege za karibu alama ya ndege ya Noor ikawa nyekundu, na sauti ya onyo ikatuamuru tushuke. Nikazima mtambo, nikasukuma usukani. Nyuma watu walipiga kelele, mzee mmoja akatoa shahada. Nikaliona tumbo jeupe la ndege ya Noor likipita juu yetu, na mama yangu yumo.

Noor akaniuliza redioni kwa Kisomali kama tu wazima. Sikufichi, mwanangu, hata hapo nilichukia kwamba hakupandisha sauti.

Jioni nilimweleza mama yote, pamoja na wivu wenyewe.

"Nilidhani ni upepo uliotutikisa," akasema. Kisha: "Kwani ulitaka nikupende kwa sababu ya kutua? Mimi nakupenda kwa kukuzaa. Lakini ukiwa kule juu mimi si mama yako. Mimi ni abiria. Na yule msichana, umemwomba msamaha?"

Nilikuwa sijamwomba. Nikamwomba kesho yake, kisha nikaandika ripoti, kosa langu kama lilivyokuwa, na kwamba Halima ndiye aliyetuokoa. Nikavuliwa ukapteni kwa miezi kadhaa, nikawa msaidizi wa Noor. Nilistahili. Wivu haukwisha. Leo mimi na Noor sote tumestaafu, ngamia wake ni wengi kuliko wangu, na bado inaniuma.

Kwa hiyo sikuambii usione wivu, maana ningekuwa mwongo. Nakuambia mtambo unafuata namba uliyouwekea, haujui ulikusudia nini. Ukipewa kimo kiweke, kielekezee kidole, kisome, umsubiri mwenzako naye akisome, hata kama humpendi, hata kama amefunzwa na mtu usiyetaka kumsikia. Na siku utakayojikuta unamsikiliza mtu badala ya kuitazama kazi, mwambie mwenzako, "Shika wewe, mimi sijatulia." Utaona aibu, lakini aibu hiyo itaisha kabla hamjatua. Yangu mimi haijaisha.

Mungu akupandishe salama na akushushe salama, mwanangu. Akujaalie wenzako wasioogopa kukukosoa, na akupe moyo wa kuwasikiliza. Amin.