Rubisi Iliyokamuliwa Kabla ya Matokeo

Naikumbuka vizuri Ijumaa ile, mwanangu, maana nilikwenda kwa Mwalimu Nestori nikiendesha baiskeli kwa hasira kubwa, hata ng'ombe wenye pembe ndefu kuliko mimi walinipisha njia. Ilikuwa pale Bugene, miaka michache baada ya vita na Uganda. Mchana nilichuma kahawa za watu, jioni nilisoma shule ya watu wazima kwa taa ya karabai, na siku hiyo nilikuwa nimefeli Kiswahili kwa upungufu wa maksi mbili.

Maksi mbili si kitu, utasema. Lakini mama alikuwa amekwisha kufukia ndizi ziive, na Jumapili kilima kizima kingekuja kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kunipongeza. Nilikuwa nimemwambia nimefaulu kabla karatasi hazijasahihishwa. Na rubisi haimngoji mtu, ukiichelewesha inachacha.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeonewa," nikasema, nikamwekea karatasi juu ya ungo wa maharage aliyokuwa akichambua.

Akaitikia marahaba, akaniambia nisome mwenyewe palipopigwa wino mwekundu. Nikasoma kwa sauti ya mbunge: kila raia mwema ana haki ya kupiga kula, na kijiji chetu kilimpata mwenyekiti kwa kula nyingi. Unaujua ulimi wetu wa Kinyambo, r na l kwake ni mapacha. Mkewe huko jikoni alicheka mpaka akaunguza mboga.

"Hakuna aliyekuonea," Mwalimu akasema. "Huyo mwenyekiti mmemla ninyi wenyewe. Sasa niambie kweli, unaitetea karatasi hii, au kuna jambo nyumbani?"

Nikamweleza habari ya rubisi. Hakuniongezea hata nusu maksi. Alisema tu kwamba njia ya mwongo ni fupi, na kwamba Jumapili angekuja kunywa.

Akaja kweli, na kanzu yake safi. Basi kabla kibuyu cha kwanza hakijazunguka nikasimama, nikasema mbele ya wote kwamba nimefeli na kwamba nilimdanganya mama.

Mama hakuwahi kukaa darasani. Sahihi yake ilikuwa dole gumba.

"Kwani ulidhani nimekamua kwa ajili ya maksi?" akasema. "Tangu uanze hiyo shule ya jioni, unarudi nyumbani umesimama wima, hujalewa. Nimekamua kwa ajili ya hilo. Kaa, mwana wangu. Unywe kidogo."

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika hadi kule mbali Nkwenda. Nami nikashusha pumzi niliyoibeba tangu Ijumaa, migomba ikayumba. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: mwaka uliofuata nikarudia mtihani, nikapita, kura ikiwa kura na kula ikiwa kula.

Ndiyo maana nikisikia ninyi wa chuo kikuu mnapanga foleni milangoni kwa wahadhiri mkigombea maksi, siwacheki sana. Anayelilia A mara nyingi si mlafi. Mahali fulani kuna rubisi iliyokamuliwa mapema: mjomba aliyeuza ng'ombe ili usome, shangazi anayekuita daktari na bado uko mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo shika hili, mwanangu. Mhadhiri akijumlisha vibaya, nenda, msalimie, dai haki yako bila woga. Lakini kosa likiwa lako, usimtwike mwalimu mzigo wa nyumbani. Upeleke nyumbani, ukauseme huko, kwani mficha uchi hazai. Huenda wanaokupenda walikuwa wakisherehekea jambo jingine kabisa, ambalo hakuna mtihani unaoliuliza.

Nenda na amani. Mungu akunyooshee ulimi na kalamu, akupe kura yenye uzito na kula ya kutosha. Na siku utakayorudi na karatasi mbaya, umkute mama yako mlangoni, kibuyu mkononi, akikwambia ukae.