Kaisari Aliyesuguliwa kwa Majivu

Kaisari alikaa juu ya kabati la vyombo. Alikuwa sanamu ya shaba, kichwa na mabega tu, mkubwa kama mtungi mdogo wa pombe. Padre mzee aliyekuwa na vichwa kama hivyo rafu nzima alimwachia baba kimoja siku aliporudi kwao Ulaya, maana baba alikuwa mpishi wake. Wenzetu waliachiwa baiskeli. Sisi tuliachiwa mfalme wa Kirumi asiye na mikono.

Tulipohamishwa kutoka mlimani kwenda kijiji cha ujamaa, mama alimbeba mgongoni kwa kanga, kwa sababu mikononi alikuwa na kuku. Mgambo waliotusindikiza walicheka njia nzima.

Huko kijijini baba akaanza kuvimba tumbo. Hospitali ya Sumbawanga wakasema apasuliwe, na wa kumpasua yuko Mbeya. Gari la wagonjwa lilikuwa limekaa juu ya mawe, halina matairi. Basi lilikuja petroli ikipatikana, na petroli haikupatikana.

Ndipo injinia mmoja wa barabara, Mzungu, alipoingia kwetu kuomba maji ya rejeta. Alimwona Kaisari akasahau maji. Alikuwa mtu wa kukusanya vitu vya kale, na kwao vichwa hivyo hupamba sebule za watu wenye uwezo. Alipitisha kidole juu ya ukijani uliotanda kwenye nywele na mashavu, taratibu, kama anayempima mtoto homa. Mama hakuzunguka: achukue kichwa, ampeleke mumewe Mbeya. Akakubali. Jumapili angekuja kukichukua, na Jumatatu asubuhi angepita na gari kumchukua baba.

Wiki ile tulikuwa na furaha ya kijinga. Mama alimnyoa baba ndevu, akamfulia koti la misa.

Kwetu Ufipa kitu hakitoki nyumbani kwenda kwa mgeni kikiwa kichafu. Hata ungo wa unga ukimpelekea mtu, unaupangusa kwanza. Basi Jumapili, tulipotoka misani, mama aliketi uani na majivu na mchanga akamsugua Kaisari kama anavyosugua masufuria ya harusi. Mimi nilimmiminia maji. Baba alikuwa amelala ndani, na ni yeye peke yake aliyejua: miaka yote ya upishi wake hakuruhusiwa kuvigusa vile vichwa ila kwa kitambaa kikavu. Alisikia mchanga ukikwaruza, akadhani ni sufuria. Hakuuliza, wala hakuna aliyemwambia.

Majirani walikuja kutazama. Kaisari aling'aa mpaka unajiona shavuni mwake, na mama alijivuna waziwazi.

Injinia alikipokea kichwa akakigeuza, akatafuta nyuma ya masikio.

"Mama, nani amekiosha?"

"Mimi, bwana. Nilitaka ukipeleke kwenu kikiwa safi."

Alieleza polepole, kwa Kiswahili kizuri tu, kwamba ule ukijani ndio uliokuwa uzee wake, umeota kwa miaka mingi, na bila huo hakuna mkusanyaji mwenzake atakayekitamani. Akakirudisha kabatini kwa mikono miwili. Kuhusu safari alisema ataona. Mpaka leo nalichukia neno hilo.

Jumatatu tulimkalisha baba nje na koti lake, upepo wa kiangazi ukimpiga. Gari lilipita barabara kuu bila kukata kona. Baba akauliza kama ndilo lenyewe. Mama akamjibu silo. Wakaendelea kukaa pale, kila mmoja akimhurumia mwenzake, hadi jua likawa kali. Tulimzika kabla ulezi haujamalizika kuvunwa.

Mama akamtoa Kaisari nje, akamweka nyuma ya jiko mvua impige, akakataza mtu kumgusa. Nilidhani ni hasira. Kumbe alikuwa anangoja kijani kirudi. Kila masika yalipokwisha alikwenda kumkagua nyuma ya masikio. Injinia alikwisha kurudi kwao, na mama alijua. Baba yuko kaburini, na hilo pia alilijua. Aliendelea kukagua mpaka naye tukamzika.

Sasa Kaisari ninaye mimi. Amerudi kijani kichwa kizima, mashavu mpaka nywele, na sina mgonjwa wa kumpeleka Mbeya.