Jina la Marehemu Halikufungwa

Wajukuu zangu, ninyi mnaosoma huku mnaruka mistari, hii someni polepole, maana kosa lilikuwa langu.

Miaka ile biashara ya pamba ilipoachiwa watu binafsi, mama yenu alipata kazi ofisi ya kampuni moja hapa Musoma. Kompyuta sita ziliunganishwa kwa waya. Kila mfanyakazi alikuwaga na jina lake na neno la siri. Akikaa kwenye kompyuta yoyote, akiliandika, kazi zake zote zinamfuata pale. Waliziita profaili. Kuzitunza, na kuzifuta mtu akiondoka, ilikuwa kazi ya mama yenu.

Mtunza ghala wao akafa. Tukamzika kwao Buswahili. Jioni mama yenu akaniambia, "Mama, kesho namfuta."

"Nani?"

"Marehemu. Kwenye kompyuta. Ndiyo utaratibu."

"Shati lake bado liko kwenye kamba, wewe unamfuta? Kitu cha marehemu hakiguswi mpaka matanga yaanuliwe."

"Mama, kompyuta haina matanga."

"Wewe unayo. Subiri, nimesema."

Akasubiri.

Wiki haijaisha, lori likatoka ghalani na magunia ya mbegu. Bunda lilikotakiwa kwenda halikufika. Kibali kilikuwa kimeandikwa kwenye kompyuta, kwa jina la marehemu. Meneja akamwita mama yenu. "Siku hizi maiti wanatoa vibali? Maneno ya siri yote unayo wewe." Akampa mpaka Ijumaa, fundi aje kutoka Mwanza. Baada ya hapo, polisi.

Siku mbili hakula. Nilimuuliza mara moja tu, nimemkazia macho: "Umekula na hao wezi?"

"Mama, hata wewe?"

Sikuuliza tena.

Ijumaa nilivaa kitenge cha kanisani nikaenda naye. Fundi alibonyeza karibu saa nzima, mimi nimesimama, kiti nimekikataa. Mwisho akasema, "Jina hili limefunguliwa kompyuta ya mapokezi. Jumatano, saa nne asubuhi, ndipo kibali kikaandikwa."

Jumatano saa nne mama yenu alikuwa Butiama na meneja mwenyewe, kwenye mkutano wa wakulima. Tukageuka kumtazama karani wa mapokezi. Kiti kitupu, ameshapita mlango wa nyuma. Kumbe marehemu alikuwa amebandika neno lake la siri chini ya meza yake, na makarani walijua.

Meneja akamwambia mama yenu, "Wizi si wako. Ila kwa nini hukumfuta?"

Akainama. Hakunitaja.

"Nilimkataza mimi," nikasema.

"Mama, wewe ni mfanyakazi wa hapa?"

"Hapana."

"Basi atakayeondoka ni yeye."

Tulirudi nyumbani Kitaji kwa miguu. Nilipofika niliita nyumba nzima, hata aliyekuwa jikoni, nikasema: "Nikifa mimi, nguo zangu ziacheni mpaka matanga. Lakini funguo zangu, na jina langu popote lilipoandikwa, fungeni siku hiyo hiyo. Kulia mtalia mkishafunga."