Sombe Niliyojisifia

Mke wangu ni muuguzi. Zamu zake zilipozidi, mimi msomi wa shahada mbili nikaahidi kupika kila Jumapili chakula cha wiki nzima na kukigandisha kwenye makopo ya aiskrimu. Jumapili ya kwanza niliunguza sufuria. Tangu hapo nikawa nachukua sombe, kile kisamvu cha Kikongo, kwa Mama Neema, Mkongo wa kanisani kwetu, na nyumbani najisifu.

Juzi mke wangu akaalika mgeni.

“Ngoja uonje mapishi ya mume wangu!” akasema, akifungua mlango.

Akaingia Mama Neema. Nilimkonyeza mpaka jicho likauma. Akaonja kijiko kimoja, akanitazama, akamgeukia mke wangu.

“Dada, pole sana. Bwana yako aliniambiaka wewe haujue kupika.”