Siriasi ya Baba

Tumbaku ikikauka hutoa harufu kama ya asali iliyoungua, na kiangazi kile kijijini kwetu Ntalikwa ilikuwa imeingia kwenye mashuka, kwenye nywele, hata kwenye ugali. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa akishinda barazani akifunga majani na kupiga soga, na kila alipotaka kumtega mtu alianza hivi: "Jamani, leo niko siriasi." Basi! Watu walianza kucheka hata kabla hajasema kitu. Neno lenyewe ni la Kiingereza, lakini kwetu lilishahamia na virago vyake, na kila mtu alilitumia atakavyo. Mama alisema mchumba wa mama mdogo hayuko siriasi, yaani anampotezea muda mtoto wa watu. Mwalimu alitutaka tuwe siriasi na masomo, fimbo mkononi. Kwenye zahanati, mgonjwa akishaitwa siriasi alipitishwa mbele ya foleni na hakuna aliyenung'unika. Ni kwa Baba tu ambapo neno hilo lilifungua kichekesho.

Na vichekesho vyake vingi vilimwendea Mzee Pazi, jirani yetu Mzaramo mwenye pikapu ya kubebea mazao. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba pembe kutoka Tabora hadi pwani na kupita kwao. Baba alimwita mla nazi, naye alituita wapagazi, ukoo mzima, pamoja na mbuzi wetu. Mara ngapi Baba alinituma nikatangaze kifo chake! "Kamwambie Mzaramo nimekufa, alete sanda." Mzee Pazi alikuja analia kwa sauti, anajigaragaza mlangoni kwetu, kisha anadai viatu vya marehemu. Mama hakupenda. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha," alisema, nao wawili wakamcheka. Mimi nilimwona Mama mnoko. Ee, nilikuwa mjinga wa kutosha.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua halijawa kali. Baba aliinuka kwenye mafungu ya tumbaku, akashika kifua, akakaa chini tena. Jasho lilimtoka kama aliyemwagiwa maji. Alijaribu kusema kitu, midomo ikagoma. Mama akanishika bega kwa nguvu mpaka likauma. "Kalunde, kimbia kwa Mzee Pazi. Mwambie baba yako hali yake siriasi, alete gari sasa hivi." Nilikimbia kweli, hilo najitetea. Nilimkuta anaosha pikapu yake, suruali imekunjwa hadi magotini. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kama nilivyotumwa, nikihema.

"Marahaba. Amekufa tena?" akasema bila kuacha kusugua. "Si alikufa Jumanne? Mwambie leo sina nafasi, ajibebe mwenyewe kichwani mpaka makaburini. Wapagazi mmeanza lini kupanda gari?" Akajitwika ndoo kichwani, akaanza kutembea amepinda mgongo, anaguna, anayumba kama amebeba pembe ya tembo, maji yakimchuruzika usoni. Nikacheka. Sikutabasamu, nilicheka mpaka nikakaa chini. Aliyemwona Baba ameshika kifua ni mimi, si yeye, na bado nilicheka. Kisha akanirushia maji, nami nikamrushia, tukaendelea hivyo, sijui ni kwa muda gani. Kilichotukatiza ni ukunga wa Mama. Mzee Pazi aliusikia, akaangusha ndoo, akaingia kwenye gari hata viatu hakuvaa. Baba alikata roho tukiwa Gongoni, tumeshaingia mjini, hospitali ikiwa karibu kabisa, kichwa chake kwenye mapaja ya Mama.

Msibani kila mtu alimsubiri mtani. Kwa desturi yetu mtani ndiye huvaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake na sauti yake, akawachekesha wafiwa ili wapumue. Mzee Pazi alikaa kwenye kona ya ua, hakufungua mdomo. Watu wakasema amemsusa mwenzake. Alipoulizwa alijibu neno moja kwa wote: "Mtoto alikuja kuniambia, nikamcheka. Kosa ni langu." Mama alisikia. Tangu siku hiyo hakumwitikia salamu. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo mkekani, nikanyamaza. Nilinyamaza mwaka huo, na miaka yote iliyofuata.

Sasa naishi Cheyo, Tabora mjini, nina watoto wangu. Siku hizi mtu akiambiwa bei ya nyanya anauliza, "Uko siriasi?", na utani wenyewe umebaki kidogo, mtanie mtu kabila lake usikie atakavyokujibu. Jirani zangu ni watu wa adabu, hawanicheki, wala mimi siwafahamu. Mwezi uliopita nilikwenda Ntalikwa kumwona Mzee Pazi, maana macho yake yamekwisha. Nikamwambia yote: kwamba nilicheka, kwamba nilirusha maji, kwamba nilimwacha abebe lawama peke yake.

"Mwanangu, nilikuona," akasema. "Ndiyo maana sikuvaa koti la baba yako. Ningelivaa ungecheka tena, mbele ya jeneza, na hapo usingejisamehe. Mama yako hajambo?"

Nililia kwa aibu. Kutoka kwake nilipitia nyumbani kwa Mama. Mama alikuwa barazani anachambua mchele, akaniuliza nimetoka wapi. Nilifungua kinywa nimwambie. Nikasema natoka sokoni.